Maoni Yetu: Pimeni damu kabla ya kuongeza vidonge

Mgonjwa wa kifafa anayeanguka tena ilhali yuko kwenye dawa apimwe damu kabla hajaongezewa vidonge. Kitabibu jambo hilo halina ubishi mkubwa. Lakini ukitoka Iringa hadi Mbeya, kipimo cha kujua dawa imefika kiasi gani kwenye damu ni nadra, na waganga wengi wamekwisha zoea kufanya kazi bila hicho. Wanakadiria. Wengine wanakadiria vizuri sana kwa uzoefu wa miaka, lakini kukadiria ni kukadiria. Kanda ya Nyanda za Juu Kusini inahitaji meza moja ya maabara ya kupima dawa za kifafa kwenye plazma, na tunaona mahali pake ni Mbeya.

Kila anayezijua kliniki zetu anajua mambo yanavyokwenda. Kifafa kwa kawaida hutibiwa kwenye kliniki ya afya ya akili, jambo ambalo peke yake huwafanya baadhi ya wazazi wasije kabisa. Aliyejitahidi akaja ameamka usiku, amepanda gari la kwanza, na amekaa kwenye benchi na mtoto mwenye kovu la moto mkononi, maana mtoto huyo aliwahi kuangukia jikoni. Daftari la mahudhurio limelainika kama kitambaa.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mama. Kijana wetu anaendeleaje?"

"Ameanguka mara tatu tangu tulipokuja."

"Na dawa anameza?"

"Anameza. Mimi mwenyewe ndiye nampa."

Mganga anaandika, anaongeza kidonge kimoja cha jioni, anatia saini. Nyuma ya mama huyo wapo wengine ishirini.

Hapo kuna mambo matatu yanayoweza kuwa yametokea. Huenda dawa haifiki tumboni: iliisha wiki mbili zilizopita na nauli ya kuifuata haikupatikana, au bibi aliyeachiwa mtoto hakuambiwa kwamba kuna cha asubuhi na cha jioni. Huenda inafika, lakini ini linaivunja upesi kuliko ilivyotarajiwa, au dawa nyingine anayotumia inaiondoa. Au imo kwenye damu kwa kiwango kizuri kabisa na mtoto anaanguka vilevile, kwa sababu dawa hiyo siyo ya aina yake ya kifafa. Ukiwa kwenye kiti cha mganga, yote matatu yanafanana. Tiba zake hazifanani hata kidogo. La kwanza linataka mazungumzo na pengine dawa isogezwe karibu na nyumbani. La pili linataka dozi mpya. La tatu linataka dawa nyingine. Kidonge cha nyongeza kinatibu moja tu kati ya hayo, na kwa mtoto ambaye damu yake tayari imejaa dawa, kinamsogeza kwenye sumu.

Majirani zetu wa Kilifi, Kenya, walishalifanyia kazi suala hili. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la Lancet Neurology haukuishia kuwauliza wagonjwa kama wanatumia dawa; uliwatoa damu na kuitafuta dawa humo. Kwa hesabu ya damu, asilimia 62 hivi hawakuwa kwenye tiba. Majibu ya mdomo na majibu ya damu yaliachana kwa kiasi kikubwa. Watafiti walipoangalia ni nani walio nje ya tiba, waliwakuta wanaoishi zaidi ya kilomita 30 kutoka kituo cha afya, wanaolipia dawa, walioishi na kifafa zaidi ya miaka 10, na wasio na imani na tiba ya hospitali. Mkazi wa Makete au Ileje hahitaji mtafiti wa kumweleza kilomita 30 za masika zina maana gani.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi wagonjwa ni waongo. Anayesema "nameza" mara nyingi anasema kweli kuhusu siku alizokuwa na dawa. Kipimo hiki kikigeuzwa kuwa fimbo ya kumchapia mgonjwa, heri kisiwepo. Kazi yake ni kumpa mganga jambo la kuanzia mazungumzo, na kwa kweli kitawatakasa wengi zaidi kuliko kitakaowatia hatiani.

Chukua kabamazepini. Mgonjwa akianza kuitumia, kwa wiki chache za mwanzo dawa hiyo hulichochea ini livunje dawa ileile kwa kasi zaidi. Dozi haijabadilika, mama hajasahau hata siku moja, lakini kiwango kwenye damu kinashuka. Kifafa kikirudi wiki ya nne au ya tano, anayelaumiwa ni nani? Ni yule aliyekuwa anaamka alfajiri kumpa mtoto kidonge. Damu ingeonyesha kwamba kiwango kimeteremka chini ya miligramu 4 kwa lita, na mganga angejua kuwa hapa ni kupandisha dozi, bila maneno makali. Kiwango kinachowafaa wengi ni kati ya 4 na 12.

Fenobabitali ni mpole zaidi, na ndiyo dawa ya bei ya chini kuliko zote. Imekuwa ikitumika kwa kifafa tangu mwaka 1912, Alfred Hauptmann alipoigundua kazi hiyo nchini Ujerumani. Kwa mtu mzima huchukua siku tatu hadi tano kupungua kwa nusu, hivyo inataka wiki mbili au tatu kabla kiwango hakijatulia. Anayeongeza dozi baada ya siku tano kwa kuwa "haijafanya kazi" ameihukumu dawa ambayo bado iko njiani.

Mkorofi ni fenitoini. Ini lina uwezo wake wa kuivunja, na uwezo huo una kikomo kilicho karibu sana na dozi za kawaida. Ni kama mfereji wa shamba la mpunga kule Usangu: maji yanapita vizuri siku zote, halafu unafungulia kidogo tu zaidi na tuta linapasuka. Ukiongeza dozi kwa robo, kiwango kwenye damu kinaweza kupanda maradufu. Tena mgonjwa mmoja hupasuka pale ambapo mwenzake wa uzito uleule hata hajafika nusu. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 10 hadi 20 kwa lita. Mwaka 1964 Henn Kutt na wenzake, New York, waliandika kinachotokea ukipita hapo: ukivuka 20 macho huanza kucheza yenyewe, ukivuka 30 mtu hupepesuka akitembea, ukivuka 40 akili inazubaa. Sasa mweke mtu huyo njiani Kilolo au Mufindi wakati ulanzi unagemwa. Nani atasema huyu kazidishiwa dawa? Watasema kalewa. Na akizidi kuvurugika hata kifafa chenyewe kinaweza kuongezeka, naye atarudi kliniki akaongezewa tena.

Hata mgonjwa asipobadilisha chochote, kiwanda kinaweza kubadilisha. Mwaka 1968 huko Brisbane, Australia, wagonjwa wa kifafa waliokuwa wametulia kwa miaka walianza kupepesuka na kuona viwili viwili. Dozi ilikuwa ileile na kapsuli zilionekana zilezile. Walipopimwa damu, fenitoini ilikuwa imepanda sana. Uchunguzi ukaonyesha kwamba kijazio cha ndani ya kapsuli kilikuwa kimebadilishwa kutoka kalsiamu salfeti kwenda laktosi, na kwa laktosi dawa ilikuwa inaingia mwilini kwa wingi zaidi. Kisa hicho kipo kwenye British Medical Journal la mwaka 1970. Bohari ya Dawa ina maghala Iringa na Mbeya, na kama ilivyo kwa ununuzi wowote wa umma, zabuni huisha na mtengenezaji akabadilika. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba hukagua vidonge, na ni vizuri ifanye hivyo. Kidonge kizuri cha kiwanda cha pili bado si lazima kiingie mwilini sawasawa na kizuri cha kiwanda cha kwanza, na hilo halionekani kwenye kidonge. Linaonekana kwenye damu.

Yote hayo yanaweza kusemwa Tabora au Tanga. Linaloifanya kanda hii iwe ya kwanza kwenye foleni ni VVU. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya VVU wa mwaka 2022 na 2023 uliikuta Njombe na asilimia 12.7 ya watu wenye miaka 15 na zaidi wanaoishi na virusi, Iringa 11.1, na Mbeya 9.6. Wastani wa taifa ni 4.4. Mikoa mitatu ya juu nchini imepangana kwenye barabara moja, na wengi wa watu hao wako kwenye kidonge kimoja cha siku chenye dolutegravir.

Kabamazepini inaishusha dolutegravir. Mwongozo unataka mgonjwa anayetumia zote mbili ameze dolutegravir mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Fenobabitali na fenitoini nazo zina tabia hiyohiyo ya kulichochea ini. Kwa hiyo kidonge cha kifafa kinachotolewa kwa nia njema kwenye chumba namba tatu kinaweza kufungua mlango kwa virusi ambavyo chumba namba saba kilikuwa kimevifungia. Chumba namba saba kina kadi yake, siku yake ya kliniki na muuguzi wake. Mgonjwa, kwa sababu zinazoeleweka, mara nyingi hakitaji chumba kimoja akiwa kwenye kingine.

Ikiingia kifua kikuu, mambo yanakuwa magumu zaidi. Rifampisini huiteremsha fenitoini. Isoniazidi, iliyomo kwenye kidonge hichohicho cha kifua kikuu, huipandisha, na huipandisha zaidi kwa watu ambao miili yao huivunja isoniazidi polepole. Daktari bingwa wa Muhimbili na tabibu wa zahanati ya Igurusi wako sawa hapa: hakuna anayeweza kuangalia uso wa mgonjwa akasema upande gani umeshinda. Kwa mgonjwa wa namna hii kipimo cha damu si anasa.

Wanawake nao wana yao. Dawa hizi tatu za zamani za kifafa hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango na vipandikizi, na mwanamke hushangaa kupata mimba na kijiti kikiwa mkononi. Valproeti, dawa nyingine ya kifafa, haina kasoro hiyo, lakini ni hatari kwa mtoto aliye tumboni, na Shirika la Afya Duniani limekataza isitolewe kwa wanawake wenye uwezo wa kuzaa. Na wakati wa ujauzito viwango vya dawa kadhaa za kifafa hushuka vyenyewe, kipindi ambacho mama akianguka wanaanguka wawili.

Kuna jambo la watoto tusilipite. Iringa inalisha nchi mahindi, lakini utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wake wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto wa miaka minane mwenye mwili wa miaka mitano, dozi yake ikikadiriwa kwa umri badala ya mizani, imekosewa tangu siku ya kwanza. Mizani ni rahisi kuliko maabara yoyote. Ianze mizani.

Na upande wa Songwe, zamani ikiwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya, kuna tegu wa nguruwe. Utafiti wa Mbozi uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta dalili za maambukizi ya lava wa tegu kwenye damu ya karibu mtu mmoja kati ya sita. Si wote walio nao ubongoni, lakini walio nao ubongoni huanguka kifafa, na wanaweza kuhitaji albendazo au prazikwanteli pamoja na dawa ya kifafa. Dawa za kifafa zinazochochea ini huzishusha na hizo. Kila ugonjwa mkubwa wa kanda hii, ukiufuata, unakurudisha kwenye swali la kiasi gani kimo kwenye damu.

Kipimo chenyewe kinafanyikaje? Si uchawi, ingawa kinataka mikono iliyotulia. Damu ya mshipa, mililita chache, inawekwa kwenye tyubu ya kofia ya zambarau au ya kijani ili isigande. Tyubu yenye gundi ndani yake haifai, kwa kuwa gundi ile hunyonya baadhi ya dawa hizi na majibu yakaja ya chini kuliko ukweli. Mashine ya kuzungusha inatenganisha: chembe nyekundu chini, plazma ya manjano juu. Mtaalamu anavuta sehemu ndogo ya plazma hiyo, pengine moja ya tano ya mililita, anaongeza kimiminika cha asetonitrili chenye kiasi kinachojulikana cha kemikali ya kulinganishia. Plazma inageuka nyeupe papo hapo, protini zinaganda kama yai. Inazungushwa tena, uchafu unakaa chini, na juu kunabaki maji safi yenye dawa.

Maji hayo yanasukumwa kwa shinikizo kubwa kupitia bomba dogo la chuma lililoshindiliwa unga laini sana. Kila kemikali hupita kwa mwendo wake. Moja inatoka dakika ya nne, nyingine ya saba. Mwishoni kuna taa ya urujuanimno na jicho la kuisoma, na kila dawa inapotoka, kwenye skrini panainuka kilima. Ukubwa wa kilima hulinganishwa na vilima vya plazma isiyo na dawa ambayo maabara yenyewe imeitia viwango inavyovijua. Kabla ya kuamini jibu la mgonjwa hata mmoja, maabara lazima ithibitishe kwamba ikirudia sampuli ileile leo na kesho, majibu hayatofautiani kwa zaidi ya asilimia 15, au 20 kwenye viwango vya chini kabisa. Na kila siku ya kazi hupitishwa sampuli za majaribio za kiwango cha chini, cha kati na cha juu. Zikikataa, siku hiyo hakuna jibu linalotoka, hata mganga mkuu apige simu.

Njia nyepesi ipo pia. Mashine nyingi za biokemia zinazopima figo na ini kwenye maabara kubwa zinaweza kupima fenobabitali, fenitoini, kabamazepini na valproeti zikipewa vitendanishi vyake. Haziwezi kila kitu. Kwa kabamazepini, kwa mfano, baadhi huhesabu pamoja na dawa mabaki yake yaliyovunjwa na ini. Lakini kwa mwanzo zinatosha sana. Ushauri wetu ni kuanza na vitendanishi kwenye mashine iliyopo, na kuiacha ile ya bomba la chuma iwe ya kuamua mashauri magumu baadaye.

Wapo watakaosema tunataka makubwa. Wana hoja, na iliyo nzito kuliko zote imetoka Italia: jaribio lililochapishwa mwaka 2000 liliwagawa wagonjwa wapya wa kifafa makundi mawili, wengine dozi zao zikapangwa kwa kupima damu, wengine kwa macho ya daktari peke yake. Matokeo hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Tunalikubali jaribio hilo, na ndiyo maana hatuombi kila mgonjwa apimwe kila mwezi. Lakini wagonjwa wale walikuwa wa dawa moja, wakifuatiliwa kwa karibu na wataalamu. Hawakuwa na dolutegravir, rifampisini na tegu kwa mpigo, wala dawa yao haikuwa ya kupanda basi kuifuata.

Hoja ya pili ni kwamba dawa zenyewe zinakosekana, sasa mnapima nini? Hapa tunakubali bila masharti: dawa kwanza. Mahenge, ng'ambo ya milima yetu upande wa Morogoro, Dk. Louise Jilek-Aall kutoka Norway alianzisha kliniki ya kifafa karibu na mwaka 1960 akiwa hana mashine yoyote ya kupima plazma. Alikuwa na fenobabitali, akaitoa bila kukatizwa, akafuatilia watu waliokuwa wakitengwa na kuungua motoni, na wengi wakapata nafuu. Ilithibitika baadaye kwamba eneo hilo lina kifafa kwa wingi usio wa kawaida. Uchunguzi wa Wilaya ya Ulanga uliochapishwa na Rwiza na wenzake mwaka 1992 ulikuta wagonjwa 10 hivi kwa kila watu 1,000. Kidonge kisichokatika ni bora kuliko kipimo kisicho na kidonge. Halmashauri inayoacha fenobabitali iishe haina sababu ya kuomba maabara.

Ila hoja hiyo isitumike kuahirisha milele. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 50 hivi wana kifafa duniani, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata tiba sahihi. Neno sahihi ndilo tunalolidai. Mpango wa dunia wa magonjwa ya mishipa ya fahamu uliopitishwa Geneva mwaka 2022, na Tanzania ikiwa mwanachama, unataka huduma za kifafa zipanuke kwa nusu nzima kufikia mwaka 2031.

Na vitu vingi vipo. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inahudumia mikoa ya Mbeya, Songwe, Rukwa, Katavi, Njombe, Iringa na Ruvuma, na maabara yake tayari inapokea sampuli za wingi wa virusi kutoka vituo vya mbali. Kituo cha NIMR Mbeya kilishiriki jaribio la PanACEA la dawa za kifua kikuu, lililochapisha matokeo yake mwaka 2017. Kazi ya aina hiyo imewafundisha watu kuchukua damu kwa saa iliyopangwa na kuihifadhi vizuri. Watu hao wawafundishe wa hospitalini. Sampuli za watoto wa akina mama wenye VVU zimekuwa zikisafiri miaka mingi kama tone la damu kwenye karatasi ngumu, zikikauka na kuingia kwenye bahasha. Njia hiyo inawezekana kwa dawa za kifafa pia, baada ya kuhakikiwa, na itamfaa sana mtu wa Ludewa kuliko boksi la barafu.

Nani apimwe? Anayeendelea kuanguka baada ya dozi ya kawaida kupewa muda wake. Mwenye dalili za kuzidiwa na dawa. Mwenye VVU au kifua kikuu anayetumia dawa ya kifafa inayochochea ini. Mjamzito. Mtumiaji wa fenitoini anayebadilishiwa dozi, bila kuachwa hata mmoja. Wengine waendelee na kliniki yao kwa amani.

Damu ichukuliwe asubuhi kabla ya kidonge cha asubuhi, na hilo mgonjwa aambiwe siku ya kliniki iliyotangulia, siyo akifika. Kwa fenobabitali saa si muhimu sana. Kwa kabamazepini na fenitoini ni muhimu. Fomu iandikwe uzito, dozi, siku dozi hiyo ilipoanza, saa ya kidonge cha mwisho na dawa nyingine zote, za chumba namba saba zikiwemo. Bila hayo, namba inayotoka maabara haina maana. Mjamzito na mtoto mwenye utapiamlo mkali wasomwe kwa uangalifu zaidi, kwa sababu fenitoini hushikamana na protini za damu kwa asilimia 90 hivi. Protini zikipungua, namba ya jumla itaonekana ndogo wakati dawa inayofanya kazi ni nyingi.

Malipo yasimwangukie mgonjwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Kipimo hiki kiingizwe kwenye kitita cha huduma kwa makundi tuliyoyataja, na hadi hapo kitakapoingia, Wizara ya Afya ibebe vitendanishi. Familia iliyokwisha uza mbuzi kwa ajili ya nauli isidaiwe tena kwa ajili ya tyubu.

Tungependa Iringa ianze kutuma sampuli kabla mwaka ujao wa fedha haujaisha, hata kama ni za kliniki moja. Gari la asubuhi kutoka Iringa hupita Mafinga, Makambako, Chimala na Uyole na kufika Mbeya kabla siku ya kazi haijaisha, kwa hiyo umbali usiwe kisingizio. Majibu ya kawaida yarudi ndani ya wiki. Fenitoini iliyovuka 20 isisubiri karatasi: maabara ipige simu siku hiyohiyo, na jina la aliyeipokea liandikwe kwenye kitabu, pamoja na saa.